Kuchangia damu: Nia njema bila ukweli haitoshi



Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo nimekaa nalo moyoni kwa miaka kadhaa. Kwa macho ya watu si jambo kubwa. Hakuna aliyenishitaki, hakuna aliyenilaumu, na mpaka leo wapo watu wa ukoo wangu wanaonishukuru kwa ajili yake. Jambo lenyewe linahusu kidonge kimoja cha aspirini na neno moja nililolitamka mbele ya muuguzi. Neno hilo ni "hapana".

Mtoto wa dada yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka tisa, alipatwa na saratani ya damu. Akalazwa katika hospitali moja kubwa hapa Dar es Salaam na kuanzishiwa dawa. Dawa hizo ni kali. Pamoja na kuua seli za ugonjwa, huudhoofisha pia uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa ambao ndio kiwanda cha damu ya mwanadamu. Wiki ya pili fizi zake zikaanza kutoka damu. Usiku pua nayo ikawa inavuja, na miguuni akatokwa na vidoa vyekundu kama vya mtu aliyeumwa na viroboto. Madaktari wakatwambia kuwa mtoto amepungukiwa na chembe sahani na kwamba zinahitajika haraka.

Wengi wetu tunapozungumzia damu huwa tunafikiria ule wekundu wake tu. Lakini ndani ya damu mna vitu vya aina mbalimbali. Zipo chembe nyekundu zinazobeba hewa, zipo chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na zipo hizi chembe sahani. Ni ndogo mno, bapa kama sahani, na kazi yake ni kukimbilia mahali palipochanika na kuziba ili damu isiendelee kutoka. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya laki moja na nusu na laki nne katika tone dogo sana la damu, ujazo unaolingana na kichwa cha pini. Zikishuka chini ya elfu kumi, mgonjwa anaweza kuanza kuvuja damu ndani ya kichwa au tumboni bila hata kujikwaa.

Shemeji yangu alikuja msikitini baada ya sala ya Isha akatuambia hali ilivyo. Watu wakaitikia. Asubuhi yake tukaenda watu sita, ndugu na majirani. Sasa, usiku ule mgongo ulikuwa unaniuma, nikameza kidonge cha aspirini, kimoja tu kilichobaki kwenye karatasi yake. Sikukifikiria tena.

Maswali tuliulizwa kwenye ujia, tukiwa tumekaa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine. Muuguzi alikuwa binti mwenye adabu zake, lakini watu walikuwa wengi na hapakuwa na chumba. Kabla yangu jirani yetu mmoja alipimwa wingi wa damu ikaonekana haitoshi, akaambiwa arudi nyumbani. Nikaona namna watu walivyotazamana. Mmoja akanong'ona kuwa bwana yule amepata visingizio. Shemeji yangu, baba wa mtoto, alikuwa amesimama nyuma yangu, macho mekundu kwa kukesha.

"Mzee wangu, katika siku hizi chache umetumia dawa yoyote?" binti akauliza.

Kidonge kile kikanijia akilini pale pale. Nisidanganye mbele ya Allah kwa kusema nilisahau. Nilikumbuka, na nikapima. Nikasema moyoni: nikikubali nitaambiwa niende zangu, na shemeji ataniona kuwa nami nimekimbia. Nikamjibu, "Hapana, mwanangu."

Akaandika "hapana". Nikatoa damu. Mtoto akapata matibabu, na baada ya safari ndefu ya zaidi ya miaka miwili akapona, Alhamdulillah. Siku ya dua ya kumshukuru Allah, shemeji alisimama mbele ya watu akataja majina yetu, mmoja mmoja, waliotoa damu. Jina langu lilikuwa la kwanza.

Nilichojifunza baadaye

Miaka ilipita. Siku moja vijana wa msikiti wetu waliandaa zoezi la kuchangia damu, na mtaalamu mmoja wa maabara akaombwa atoe maelezo. Akaeleza kuwa damu ya mtu mmoja, kiasi cha nusu lita pungufu kidogo, inaweza kuzungushwa kwenye mashine na kutenganishwa. Chembe nyekundu huwekwa upande wake na kuhifadhiwa kwenye baridi kwa muda wa mwezi mmoja na siku kadhaa. Maji ya damu hugandishwa. Chembe sahani huwekwa kwenye mfuko wake. Hivyo mchango mmoja unaweza kuwafaa wagonjwa watatu wasiojuana.

Kisha akataja aspirini. Akasema kuwa kidonge kimoja tu huizuia chembe sahani kufanya kazi yake sawasawa, na kwa kuwa chembe hiyo haina kiini cha kujitengenezea upya kile kilichoharibiwa, hubaki hivyo mpaka mwisho wa uhai wake ambao ni siku nane mpaka kumi. Damu haibadiliki rangi. Mfuko unakuwa ule ule na chembe zikihesabiwa zinatimia, lakini ukimpa mgonjwa anayevuja damu, huenda usimsaidie kama ilivyotarajiwa.

Nikahisi jasho linanitoka. Nikanyoosha mkono nikauliza kama vile namuulizia mtu mwingine: Je, aliyemeza aspirini akija kwenu mnamfukuza?

Akatabasamu. "Hatumfukuzi. Tunaandika tu kwenye mfuko wake kuwa usitolewe chembe sahani. Chembe zake nyekundu ni nzima kabisa. Anaweza kuwa amemuokoa mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua."

Ndugu msomaji, jibu lile lilinichoma kuliko kama angesema kuwa anafukuzwa. Maana yake ni kwamba nilisema uongo kulinda kitu ambacho ukweli usingenipokonya. Ningesema "ndiyo, jana usiku nimemeza aspirini", ningebaki kuwa mchangiaji, shemeji angeniona nimetoa, na damu yangu ingeelekezwa kwa mtu inayemfaa.

Nafaka iliyolowa

Tangu siku ile nimekuwa nikikumbuka kisa kimoja mashuhuri katika Sahihi Muslim, ambacho wengi wetu tumekisikia kwenye darsa za biashara. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akakuta lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani yake, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Yule mtu akajibu kuwa mvua iliinyeshea. Hapo Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akatoa onyo kali juu ya mwenye kudanganya.

Tuzingatie kisa hiki. Mtu yule hakulaumiwa kwa sababu mvua ilinyesha. Wala hakuambiwa kuwa nafaka iliyolowa haina thamani na aitupe. Yawezekana kabisa angeiuza kwa bei yake, kwa mtu anayejua anachonunua na atakayeitumia siku hiyo hiyo kabla haijaharibika. Kosa lilikuwa kuiweka chini na kuonyesha kavu juu. Kwa kufanya hivyo alimnyima mnunuzi haki ya kujua na kuamua.

Mimi ndiye mtu yule wa sokoni. Aspirini ilikuwa mvua yangu, haikuwa dhambi kuimeza. Dhambi ilikuwa kuificha. Na tofauti yangu naye ni kwamba mimi sikuwa nauza, nilikuwa natoa bure. Je, hiyo inanitoa kwenye lawama? Hili ndilo swali ninalotaka tulitafakari pamoja, kwa sababu wengi wetu tunaamini kuwa anayetoa bure hana wa kumuuliza. Tunasema kuwa mtu anatoa kwa hisani yake, basi apokelewe kwa alichonacho.

Nionavyo mimi, kutoa bure kunaongeza wajibu wala hakuupunguzi. Mnunuzi wa nafaka angeweza kuingiza mkono wake kwenye lundo. Mgonjwa aliyelala kitandani hana mkono wa kuingiza kwenye mfuko wa damu. Haoni fomu niliyojaza na hajui jina langu. Pengine hata fahamu hana. Kadiri mtu anavyokosa uwezo wa kukagua unachompa, ndivyo amana inavyozidi kuwa nzito juu yako wewe unayetoa.

Hoja tatu nilizojitetea nazo

Nilitafuta pa kujificha, nami nitazitaja hoja nilizojitetea nazo kwa sababu nadhani si zangu peke yangu.

Hoja ya kwanza ni kwamba damu hupimwa, basi maswali ya nini? Ni kweli hapa kwetu, chini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulioanzishwa mwaka 2004, damu inayotolewa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Lakini vipimo vina mpaka wake. Mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kupimwa akaonekana mzima, kwa sababu mwili haujaonyesha bado dalili ambazo kipimo kinazitafuta. Muda huo unaweza kuwa siku chache au wiki kadhaa kutegemea na ugonjwa na aina ya kipimo. Ndiyo maana huulizwa mambo ya faragha, maswali ambayo wengine huyaona kuwa ni ya kudhalilishana.

Aidha yapo mambo ambayo hayamo kabisa katika vipimo hivyo. Hakuna anayepima aspirini kwenye kila mfuko. Na chembe sahani zina tabu yake nyingine ambayo sikuwahi kuijua. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye jokofu, na baridi huwazuia bakteria wengi wasizaliane. Chembe sahani haziwezi kuwekwa huko. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Scott Murphy na Frank Gardner, walionyesha kuwa zikiwekwa kwenye baridi kisha akapewa mgonjwa, hutoweka mwilini mwake haraka. Kwa hiyo huhifadhiwa kwenye joto la nyuzi 20 mpaka 24, zikitikiswa taratibu muda wote kwenye mashine, na kwa kawaida muda wake ni siku tano. Joto hilo linazifaa chembe sahani, na kwa bahati mbaya linawafaa bakteria pia. Huko Marekani mwaka 1984 waliruhusu zihifadhiwe mpaka siku saba, lakini kufikia mwaka 1986 wakarudi kwenye siku tano kwa sababu ya hatari hiyo hiyo ya bakteria.

Sasa hapo utaelewa kwa nini mchangiaji anaulizwa kama ameng'olewa jino karibuni, kama ameharisha wiki hii, kama ana homa au jipu. Mwenyewe nilikuwa nikiyacheka maswali hayo. Jino na damu vinahusiana nini? Vinahusiana, kwa sababu jeraha la kinywani au tumbo lililochafuka linaweza kuingiza bakteria wachache kwenye damu, na mwenye afya asihisi chochote. Bakteria hao wachache wakikaa siku nne kwenye joto lile, wanakuwa wengi mno. Na anayepewa ni mtoto wa saratani, ambaye chembe zake nyeupe, yaani askari wake, nazo zimekwisha kwa dawa. Ndiyo maana pia muuguzi husugua mkono wako kwa dawa kwa makini kabla ya kuchoma sindano. Tusimharakishe.

Hoja ya pili ni kwamba afadhali kitu kuliko kukosa kabisa. Mtoto anavuja damu, je, chembe sahani zenye kasoro si bora kuliko mfuko mtupu? Hoja hii ina nguvu na sitaki kuidharau. Huyo mtaalamu wa maabara nilimfuata baadaye kando, akaniambia kuwa mtu mzima hupewa chembe sahani za wachangiaji wanne mpaka sita zikiwa zimechanganywa, na moja ikiwa na aspirini, zile nzima huweza kubeba kazi. Kwa mtoto mdogo anayepewa za mchangiaji mmoja au wawili hali ni tofauti. Na yapo mazingira ambapo daktari, kwa kujua, anaweza kuamua kutumia hata hiyo iliyopungua kwa sababu hakuna nyingine.

Lakini tazama maneno haya: kwa kujua. Daktari akijua, anapima hatari na faida, anaangalia kama kuna mfuko mwingine, na anamfuatilia mgonjwa kwa karibu zaidi. Nilipodanganya sikumpa mgonjwa nafasi ya ziada. Nilimnyang'anya daktari uamuzi, nikaufanya mimi, fundi wa redio nisiyejua lolote la damu, nikiwa kwenye benchi, kwa sababu ya kuogopa macho ya shemeji. Hatari aliyobebeshwa mgonjwa haikuwa yangu, basi sikuwa na haki ya kuikubali kwa niaba yake.

Hoja ya tatu ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa kuwa ilikuwa na sura ya dini. Nilijiambia kuwa ule ni uongo wa kheri. Wanazuoni wametaja mahali pachache ambapo maneno yasiyo kamili yameruhusiwa, kama vile kupatanisha waliogombana. Lakini mwenye kupatanisha anasema analosema kwa manufaa ya yule yule anayemwambia. Mimi niliyemdanganya ni muuguzi, na kwa kupitia yeye nikamdanganya mgonjwa, na aliyefaidika ni nani? Ni mimi. Heshima yangu ndiyo iliyookoka asubuhi ile. Uongo ukikunufaisha wewe na kumweka mwingine hatarini, usiupe jina la kheri.

Pesa na aibu

Nisije nikaeleweka kuwa nambebesha mchangiaji mzigo wote. Mwanadamu ni dhaifu, na anayemuuliza swali anaweza kumrahisishia ukweli au kumrahisishia uongo.

Dunia imejifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1970 msomi wa Uingereza, Richard Titmuss, aliandika kitabu kinacholinganisha damu inayotolewa kwa hiari na ile inayolipiwa. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba anayelipwa ana sababu ya kuficha maradhi yake, na anayetoa kwa hiari hana. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani likapitisha azimio la kuzitaka nchi zijenge huduma za damu juu ya uchangiaji wa hiari usio na malipo. Pamoja na hayo, Uingereza yenyewe iliendelea kuagiza kutoka Marekani dawa za kugandisha damu, zilizotengenezwa kwa kuchanganya maji ya damu ya maelfu ya watu, wakiwemo waliolipwa na wafungwa wa magerezani. Waliopewa walikuwa wagonjwa ambao damu yao haigandi, watoto wakiwemo. Tume iliyoongozwa na Sir Brian Langstaff ilitoa ripoti yake Mei 2024. Ilisema kuwa kupitia dawa hizo na kuongezewa damu, kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa Ukimwi na homa ya ini, na kwamba takriban 3,000 wamekufa. Ikasema pia kuwa ukweli ulifichwa na wenye mamlaka kwa miaka mingi.

Nilipoisoma habari ile nilijikuta nikiwalaani wakubwa wale. Kisha nikajiuliza, wao walificha kwa sababu gani? Kwa kuogopa lawama na kulinda majina yao. Nami je? Ukubwa wa madhara haulingani hata kidogo, lakini mzizi nauona kuwa ni ule ule.

Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza thamani ya damu, na ingawa wanazuoni wametofautiana katika maana yake, wengi wameichukulia kuwa damu haifanywi bidhaa. Tunalisema hilo kwa fahari, na ni haki. Lakini mimi sikulipwa hata senti, na bado nilisema uongo. Kwa hiyo si pesa peke yake inayouziba ukweli. Aibu nayo huuziba. Ukimleta mtu hospitali kwa kumuangalia usoni, mbele ya baba wa mgonjwa, ukamuuliza maswali ya siri yake watu wakisikia, umemlipa kwa sarafu nyingine. Anayesema "sifai leo" ataonekana hana huruma, na anayenyamaza atapigiwa makofi. Utaratibu wa kuwataka ndugu wa mgonjwa warudishe damu una tatizo hili ndani yake. Unazaliwa na uhaba, naelewa, lakini tusijifiche kwamba ndugu aliyebanwa ni mchangiaji wa hiari.

Tufanye nini?

Nina mapendekezo machache, nayo hayahitaji bajeti kubwa.

Kwanza, tuchangie kabla hatujaitwa. Mwanamume mwenye afya, mwenye umri wa miaka 18 mpaka 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Anayekwenda siku ya kawaida, bila mgonjwa wake kitandani, hana wa kumuonea haya. Akiambiwa arudi wiki ijayo, atarudi. Chembe sahani zinazokaa siku tano tu haziwezi kutegemea siku moja ya sherehe kwa mwaka. Zinahitaji watu wachache kila wiki.

Pili, maimamu na vijana wanaoandaa mazoezi haya misikitini wahakikishe kuna pazia au chumba cha maswali. Na kabla ya zoezi atangaziwe kila mtu kuwa kuambiwa "siyo leo" si aibu. Ningependa khatibu asimame aseme kuwa aliyekuja akasema ukweli akarudishwa, naye amekuja kwa ajili ya Allah, na nia yake ina malipo yake. Sisi tunajua kuwa matendo hulipwa kwa nia. Basi kwa nini tumpigie makofi aliyejaza mfuko peke yake?

Tatu, ukikumbuka jambo baada ya kutoka, rudi ukaseme. Homa ikikupata kesho yake, au ukikumbuka kuwa ulimeza dawa, wapigie simu uliowaachia damu yako. Mfuko una namba, na wanaweza kuuweka kando kabla haujamfikia mtu. Mimi nilikuwa na siku nzima ya kufanya hivyo. Nilirudi nyumbani nikala pilau.

Nne, wahudumu wa afya wamweleze mchangiaji sababu ya swali. Binti yule angeniambia, "Mzee, ukiwa umemeza aspirini hatukurudishi, tunaitumia kwa mgonjwa mwingine", naamini ningesema kweli. Simlaumu, alikuwa na foleni. Lakini maneno yale tisa yangetosha.

Haki ya mja

Nimalizie kwa kile kilichonifanya niandike. Sijui damu yangu alipewa nani. Hospitali huichanganya na akiba, na mwenye kuhitaji ndiye anayepata. Yawezekana alipewa mpwa wangu, yawezekana alipewa mwingine. Yawezekana haikutolewa chembe sahani kabisa, na madhara hayakuwepo. Nimejaribu kujituliza kwa "yawezekana" hizi, na haikusaidia, kwa sababu siku ile nilipotamka "hapana" sikujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa tayari litokee lolote.

Tumefundishwa kuwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, Allah huisamehe kwa toba. Lakini haki ya mja mwenzako, sehemu ya toba yake ni kumwendea mwenyewe umuombe msamaha. Mimi nitamwendea nani? Nimemuomba msamaha shemeji yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, hukunidhulumu mimi. Mtoto alipona." Ni kweli, lakini huenda kuna kitanda kingine katika wodi ile ambacho sikijui, na mtu aliyekilalia hawezi kunisamehe kwa kuwa hajui kama ana la kunisamehe.

Basi nimeweka utaratibu. Kila baada ya miezi mitatu nakwenda kutoa, mpaka umri utakaponizuia. Swali la dawa likifika, najibu kabla halijamalizika. Mara mbili nimerudishwa, na mara moja muuguzi ameandika kwenye mfuko wangu kuwa usitolewe chembe sahani. Siku hiyo nilitoka nikiwa na furaha kuliko siku ile niliyotajwa jina langu mbele ya watu.

Wabillahi tawfiq.